Nilimwambia baba, "Keti, hapa si harambee"

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma ushauri wako tangu nikiwa kwetu Njoro, na sikudhani iko siku nami nitashika kalamu. Mimi ni muuguzi hapa Louisville, jimbo la Kentucky. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, na tuna mtoto mmoja wa miaka tisa. Huu ni mwaka wetu wa kumi na moja Marekani.

Baba yangu ana miaka 72. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kanisani ni mzee anayeheshimiwa. Mama alituacha mwaka juzi. Baada ya matanga tuliona si vizuri abaki peke yake katika nyumba ile, tukamshughulikia viza, akaja kukaa nasi miezi mitatu.

Shangazi, ukitoa Mungu na ng'ombe wake, kitu anachokipenda baba ni muziki wa kantri. Sisi tumelelewa na sauti ya Jim Reeves. Jumapili jioni redio ya kaseti ilitolewa chumbani ikawekwa dirishani, na utepe ukilegea baba aliukaza kwa kalamu ya Bic, akiizungusha polepole, jicho moja amelifumba kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mama alikuwa jikoni akifuatisha. Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini nyimbo zile alizijua neno kwa neno.

Basi nilipopata likizo fupi tukasema tumpeleke Nashville, Tennessee, mji ambao muziki huo una mizizi yake. Tulikuwa sita: sisi watatu, baba, binamu yangu na mkewe. Siku ya safari baba aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alipiga viatu rangi mwenyewe, akavaa suti yake ya kahawia na kofia ya pama ambayo alinunuliwa na mama.

Jioni tuliingia katika baa mojawapo ya barabara ya Broadway, zile zenye taa za rangi na sanamu za buti na magita mlangoni. Bendi ilikuwa jukwaani, mmoja na gita, mmoja na fidla, mwanamke akipiga ngoma. Tukapewa meza karibu nao, tukaagiza chakula. Baba hakula. Kuku aliyeletewa alikuwa na pilipili ya kutoa machozi, lakini sidhani kuku ndiye aliyemzuia. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, midomo yake ikienda pamoja na ya mwimbaji. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tumzike mama.

Mimi nilikuwa nimeshachafukwa. Mhudumu alikuwa amenieleza kwamba ikifika saa mbili usiku mtoto haruhusiwi tena kuwa ndani. Kisha akaleta bili: chakula na soda dola 132, lakini jumla dola 171, kwa sababu ya kodi na asilimia 20 ya huduma ambayo sikuulizwa. Wakati huohuo mtu wa bendi akapita na ndoo ya plastiki, watu wakitumbukiza pesa. Ilipofika kwetu niligeuza uso.

Baba aliona. Akafungua pochi, akatoa noti ya dola 20, akaikunja mara nne kiganjani kama anavyofanya kanisani, akainuka akaenda mpaka jukwaani. Akavua kofia, akasimama akingoja. Wimbo ulipoisha mwimbaji akainama, baba akamwambia kitu sikioni, akawa anampa ile noti kwa mikono miwili.

Watu walikuwa wanatazama. Wawili watatu walikuwa wameinua simu. Binamu yangu akacheka, akasema, "Mzee ameenda kutuza mzungu!" Shangazi, nilihisi uso ukiniwaka moto. Nikamfuata baba, nikamshika mkono, nikasema kwa sauti ya juu, "Baba, keti! Unatuaibisha. Hapa si harambee."

Aligeuka akanitazama. Hakusema neno. Alivaa kofia yake, akapita kando ya meza yetu bila kuketi, akaenda kusimama mlangoni. Tulipokuwa tunatoka bendi ilikuwa imeanza wimbo mwingine. Sijui kama ndio alioomba. Hata sijui aliomba wimbo gani.

Kuna jingine, na hili mume wangu halijui lote. Usiku ule hotelini binamu alinipa video aliyokuwa amechukua. Mimi, kwa mkono wangu, niliituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, nikaandika chini yake, "Harambee ya Nashville." Watu wakacheka mpaka asubuhi. Nilisahau kwamba kikundi hicho tulikianzisha kwa ajili ya mazishi ya mama, na baba yumo.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Anajibu salamu, anakula, anasali nasi. Lakini simu yake iliyokuwa ikiimba jikoni kila asubuhi imenyamaza. Juzi aliuliza kama tiketi yake inaweza kubadilishwa aondoke mapema. Zimebaki wiki tatu. Nimemnunulia spika mpya, akasema asante, akaisukuma chini ya kitanda ikiwa bado katika boksi lake. Mume wangu anasema nimwombe radhi. Binamu anasema mzee atasahau, na kwamba hata hivyo ule ni muziki wa wazungu, tusijipendekeze.

Nifanye nini, Shangazi?

Binti mwenye majuto, Kentucky

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilifika pale kwenye kalamu ya Bic nikashindwa kuendelea. Ya tatu ndiyo nikachukua karatasi. Nitaanza na jambo ambalo pengine hukulitarajia: katika watu sita mliokaa meza ile, aliyeijua desturi ya nyumba mliyoingia ni baba yako peke yake.

Barabara hiyo ninaijua. Nilikaa Tennessee miaka miwili na nusu nikimsaidia mwanangu kulea wajukuu, na siku yake ya mapumziko alinipeleka Broadway mchana, mimi na buibui langu, tukakaa pembeni tukinywa soda na kusikiliza. Siku ya kwanza nilidhani nitakodolewa macho. Mama mmoja mnene mwenye kofia kubwa alinisogezea kiti ili nione vizuri.

Baa zile, wenyewe huziita honky-tonk, nyingi hazitozi kiingilio. Unapita mlangoni bure. Muziki huanza mchana jua likiwa bado linapanda, na hauzimwi mpaka usiku wa manane umepita. Bendi moja hupiga saa tatu, nne, kisha inapokewa na nyingine, siku nenda siku rudi. Anachopewa mpiga gita na mwenye baa ni kidogo. Kinachomlipia kodi ya nyumba ni ile ndoo, ndiyo maana inapitishwa meza kwa meza bila haya. Na mtu akiwa na wimbo wake wa moyoni hapigi kelele kutoka alipokaa. Anaandika jina la wimbo kwenye kikaratasi, au anakwenda mwenyewe mpaka jukwaani, ananong'ona, anatoa noti. Dola 20 kwa wimbo mmoja ni kiasi cha heshima. Nimewaona wanaume wa makamo, buti zao zinang'aa, wakisubiri zamu kufanya kitu hichohicho alichofanya baba yako.

Kwa hiyo wale walioinua simu, yaelekea hawakuwa wakimcheka. Pale watu hula, hucheza na hulewa kofia zikiwa kichwani. Walimwona mzee aliyevua yake, akasimama wima akingoja wimbo wa mwenzake uishe ndipo aseme. Na kutoa kwa mikono miwili! Mimi ningekuwa yule mwimbaji nisingeisahau ile noti.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mwanangu, nimelelewa na taarabu. Kwetu mwimbaji akifika kwenye ubeti uliokugusa, unainuka na noti yako, unakwenda kwa mwendo wako, unamtuza, na waliokaa wanakupigia vigelegele kwa sababu wanajua umeguswa. Sijapata kuona mtu akimvuta mkono anayekwenda kutuza. Afadhali umnyang'anye sahani. Binamu yako alitamka neno sahihi kabisa, kutuza, ila alilitamka kwa kucheka.

Na lile lako la harambee, hebu litazame tena. Ile ndoo ni nini? Watu wasiojuana wanachanga ili mtu aendelee kuimba. Baba yako amekaa katika harambee ngapi, za madarasa, za karo, za hospitali? Bila shaka hata nauli yako ya kwanza ya kuja Marekani ilipita mikononi mwa watu namna hiyo. Alipoiona ndoo aliitambua, akaona mwanawe amegeuza uso, akainuka kulipa deni la meza yenu. Hivyo ndivyo ninavyoisoma mimi.

Kuhusu bili, sikulaumu kwa kuisoma. Pesa ya muuguzi inapatikana kwa miguu kuvimba, ninajua. Ila ulichanganya mifuko miwili. Ile asilimia 20, karibu dola 26, ni ya mhudumu, na baa nyingi huiongeza zenyewe meza ikiwa na watu sita au zaidi. Sheria ya Marekani inaruhusu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25, na Tennessee haina sheria yake iliyo bora kuliko hiyo. Bendi haipati hata senti ya hapo. Wale riziki yao ni ndoo. Kodi nayo ni ya serikali, na huko Nashville inakaribia asilimia 10 ya chakula. Ukitaka safari nyingine usishtuke, chukua bei ya menyu, ongeza karibu theluthi moja, kisha tenga dola 20 au 30 za ndoo kabla hujaagiza hata maji. Na suala la mtoto halikuwa dharau kwenu. Baa hizo nyingi huruhusu watoto mchana, jioni zikabaki za waliotimiza miaka 21, umri wa kunywa pombe nchini humo. Kosa lenu lilikuwa saa. Mlikwenda jioni, tena siku ya kelele, mkiwa na mtoto na mzee.

Sasa hili la muziki wa wazungu. Sitaliacha lipite, maana naona lilikuingia kidogo na ndilo lililokutia aibu.

Banjo, chombo ambacho huwezi kuuchora muziki huo bila kukichora, asili yake ni Afrika Magharibi. Walikileta waliochukuliwa utumwani, wakakiunda upya kwa kibuyu na ngozi. Nyota mmojawapo wa kwanza wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoanza Nashville mwaka 1925 na kinachoendelea hadi leo, alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa, aliyepiga harmonika mpaka ukadhani garimoshi linapita sebuleni. Alizunguka na wenzake kusini yote, wakifika mjini wao wanaingia hotelini, yeye anaambiwa hakuna kitanda wala sahani. Mwaka 1941 aliachishwa, akaishi kwa kupiga watu viatu rangi hapohapo Nashville. Baada yake akaja Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Mississippi. Santuri zake za mwanzo zilipelekwa kwenye vituo vya redio bila picha, wasikilizaji wasijue rangi yake. Mwaka 1971 akatangazwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa muziki wote wa kantri.

Tena mitaa michache tu kutoka pale mlipokula, kwenye barabara ya tano, wanafunzi weusi waliingia Februari 1960 katika maduka yaliyokuwa na meza za chakula, wakaketi kwenye viti walivyokatazwa. Walitukanwa, wakapigwa, wakafungwa jela, na kesho yake wakaja wengine wakaketi. Mwezi Mei mwaka huohuo meza za maduka sita zikafunguliwa kwa watu weusi. Baba yako alikuwa mwalimu. Ukimsimulia hili atakuuliza maswali kumi, na mtakuwa mmeshaanza kuzungumza.

Wala si ajabu Jim Reeves akawa wa Njoro. Sauti yake ilikuwa ya chini, akiimba mdomo karibu kabisa na kipaza sauti, taratibu, kila neno likisikika mpaka herufi ya mwisho. Kwa mtu aliyejifunza Kiingereza darasani, huyo alikuwa mwimbaji anayeeleweka. Na kwa kuwa alirekodi nyimbo za dini pia, wazee wa kanisa hawakuona vibaya kumweka dirishani Jumapili. Alikufa tarehe 31 Julai 1964, akirusha ndege yake ndogo mwenyewe, dhoruba ikampata karibu na Nashville. Alikuwa na miaka 40. Baba yako wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Sauti aliyompenda nayo mkewe ilikuwa ya marehemu tangu mwanzo, na yeye akaitunza kwa kalamu utepe usikatike. Fikiria hilo kabla hujamnunulia spika nyingine.

Spika hiyo iache ilipo. Zawadi kabla ya radhi ni kama kumfunika mtu mdomo.

Mwendee leo, usingoje Jumapili. Nenda peke yako, wakati mume na mtoto hawapo, ukae chini yake: ikiwa yuko kwenye kiti, wewe kigodani au sakafuni. Taja ulichofanya kwa maneno yaleyale uliyoyatumia. "Baba, nilikuambia keti, nikakuambia unatuaibisha, nikasema hapa si harambee. Kisha mimi mwenyewe nikatuma video watu wakakucheka. Nimekosa." Usiseme "kama nilikukwaza," maana unajua ulimkwaza. Usimtaje binamu, wala bili, wala uchovu wa safari. Ukishamaliza, nyamaza. Akikaa kimya robo saa, kaa nawe robo saa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na jeraha la ulimi halifungwi bandeji kwa haraka kama unavyofanya wodini.

Mume wako mwambie yote, pamoja na lile la video, kabla hajalisikia kwa binamu.

Kisha fungua kikundi kile. Siku kumi na mbili zimepita, video hiyo haifutiki tena kwenye simu za watu, usihangaike nayo. Andika hapohapo walipocheka. Waeleze kwamba mzee alikuwa akifanya kile ambacho kila msikilizaji mstaarabu wa pale hufanya, kwamba wewe ndiwe hukujua, na kwamba unamwomba radhi mbele yao wote. Mistari mitatu inatosha. Usiweke vile vikatuni vya kulia. Kikundi kilichoanzishwa kumzika mama hakikustahili kutumiwa kumcheka mumewe, na nadhani hilo ndilo linalomchoma kuliko hata siku yenyewe ya Broadway.

Baada ya siku mbili tatu, akishalainika, muulize kama angependa mrudi Nashville. Muulize, usimpangie. Akikataa, kubali, wala usimsukume kupitia mjukuu. Lakini nafsi yangu inaniambia atakubali, kwa kuwa ombi lake liliachwa hewani.

Mkienda, nendeni Jumanne au Jumatano, wewe na yeye, na mtoto kama shule zimefungwa. Mkitoka Louisville saa tatu asubuhi mtafika saa tano, kwa kuwa Nashville iko nyuma yenu saa moja. Msianzie Broadway. Mlisheni kwanza katika mkahawa wa chakula cha mchana wa kienyeji, wale ambao unachagua nyama moja na mboga tatu. Ataletewa majani ambayo hayana tofauti kubwa na sukuma wiki, yamechemshwa tu sana kuliko yetu, na mkate wa mahindi. Kuna na mlo wa unga wa mahindi meupe uliopikwa ukawa baina ya uji na ugali, wanauita grits. Mwambie aweke chumvi kidogo na siagi, hatalalamika. Yule kuku wa pilipili ni fahari ya mji, ametoka katika jikoni za watu weusi wa Nashville miaka ya 1930, lakini hupikwa kwa viwango, na kipo kisicho na pilipili kabisa. Mlipaswa kuuliza.

Kisha mpelekeni Ryman. Ni jengo la matofali mekundu, hatua chache kutoka Broadway. Nahodha mmoja wa meli za mtoni, Thomas Ryman, aliguswa na mahubiri akaanza kulijenga liwe nyumba ya ibada, likafunguliwa 1892. Ndani hakuna viti vya sinema, kuna mabenchi ya mbao ya kanisani, yamelainishwa na makalio ya miaka zaidi ya mia. Grand Ole Opry ilikuwa humo tangu 1943 hadi 1974, na Jim Reeves alikuwa mwanachama wake kuanzia 1955. Maana yake mzee wako wa kanisa ataketi kwenye benchi la kanisa, atazame jukwaa aliposimama mtu wake. Mchana huruhusiwa kuingia na kutazama kwa tiketi. Usimharakishe humo. Mwanangu alinipa dakika ishirini, mpaka leo namdai.

Mkipata nafasi, ukumbi wa heshima wa muziki wa kantri uko karibu, una chumba cha mviringo chenye vibao vya shaba vya walioenziwa. Jim Reeves yumo tangu 1967, Charley Pride 2000, na DeFord Bailey, aliyefukuzwa, 2005. Mwache mzee avitafute mwenyewe. Makumbusho ya muziki wa Wamarekani weusi nayo iko Broadway palepale, ilifunguliwa 2021, lakini msimjaze siku moja. Ana miaka 72.

Saa nane, saa tisa hivi ndipo mwingie kwenye baa, si ileile. Tafuta yenye bendi inayopiga nyimbo za zamani, utazisikia ukiwa mlangoni kabla hujaingia: fidla iko juu, ngoma iko chini. Kaeni mbali na maspika lakini jukwaa mlione. Agizeni soda, na mwachie bakshishi anayewaletea. Ndoo ikipita, weka wewe kwanza, kwa mkono wako, naye akuone.

Usimpe baba pesa ya kutuza. Ana yake. Ikiwa atainuka, inuka naye, tembea nyuma yake hatua moja, ubebe kofia yake akiivua.

Ila yote haya ni ya baadaye. Jioni ya leo, ukishamwomba radhi na akikujibu hata kwa kutikisa kichwa, muulize lile uliloniandikia kwamba hulijui: siku ile aliomba wimbo gani. Nami uniandikie, tafadhali. Nimelala nalo siku mbili.